Wimbo wa Ndani

Mwaka huu mkurugenzi wa shule ninayofundisha amenipa somo jipya. Aliniita ofisini kwake asubuhi, akanisukumia kitabu juu ya meza, akasema, "Madamu, hili ni lako. Sanaa za maonyesho za watu mbalimbali. Ngoma, nyimbo, maigizo, ya kila dini na ya kila inchi. We ni mutu wa Kiswahili, kwenu munaimbaga sana." Alikuwa anatabasamu. Alidhani amenipa zawadi.

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikatoka. Ukurasa wa kwanza una picha ya wapiga ngoma wetu, wamebeba ngoma vichwani huku wanapiga. Ukurasa wa pili unasema mwalimu awaendee wazee wa mtaa, awaombe nyimbo zao, azilete darasani watoto wajifunze. Basi. Hakuna mstari unaosema mzee akikubali kwa sharti ufanye nini na lile sharti. Nilikaa kwenye ngazi za shule na kitabu mapajani mpaka kengele ikalia, na wala sikuwa nasoma. Kimawazo nilikuwa Cibitoke, mtaa wetu wa Bujumbura, dukani kwetu, nina umri wa kutumwa chumvi.

Wewe uliyekulia mitaa ile utanielewa. Nyumba yetu ilikuwa na duka mbele na maisha nyuma. Mbele, baba aliuza vitenge na kanga na mashuka. Mpaka leo nikisikia kitambaa kinachanwa, ule mlio mrefu unaofuata baada ya mkasi kuonja ukingo tu, naona mgongo wa baba. Upande wa pili wa barabara mafundi walichomelea milango ya chuma tangu asubuhi, cheche zinaruka, na bibi akitukataza kuzitazama tusije tukapofuka. Nyuma kulikuwa na ua wa saruji, mafiga, kamba za nguo, na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, wanaokaangwa na vitunguu. Siku za samaki wa mukeke ndimu ilinukia mpaka dukani, na wateja waliuliza bei ya kitenge huku wanachungulia jikoni.

Ukoo wa baba ulitoka Omani zamani, ukapita Ujiji, ukafika Bujumbura na marobota ya nguo. Njiani ukaoa na kuoza, ukachanganyika, hata mimi nikazaliwa na ngozi ya hapa na pua ya kule. Shuleni waliniita Mwarabu. Kwa ndugu zetu waliobaki kule, nadhani tungeitwa jina jingine.

Kazi zangu zilikuwa tatu: kukunja vitenge vilivyofunuliwa na wateja wasionunua, kuchagua mchele, na kila Ijumaa kufukiza nguo za bibi kwa udi. Hiyo ya tatu niliipenda. Bibi, mama yake baba, alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Aliongea kidogo. Lakini mtaa mzima wa wanawake wa Kiislamu ulimtegemea kwa jambo moja. Binti akitaka kuolewa, ilikuwa lazima bibi aitwe siku ya kumsinga.

Siku hiyo wanaume waliondoka nyumbani, hata watoto wa kiume walioanza kusema. Mlango ulifungwa kwa komeo. Bi harusi aliketishwa mkekani, akapakwa liwa na manjano mpaka akang'aa kama mtu aliyezaliwa asubuhi ile. Bibi alikaa mbele yake na ngoma ndogo katikati ya magoti, na jirani yetu, shoga yake wa tangu utotoni, aligonga sinia la shaba kwa vijiti viwili. Halafu bibi akauanza ule wimbo. Haukuwa na jina. Walisema tu wimbo wa ndani.

Ulianza chini kabisa, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake shauri. Katikati uligeuka kicheko. Hapo walisemwa wanaume na mama zao, na mambo ambayo mke hujifunza mapema na hayasemi popote pengine, na wanawake wazima walianguka mikekani kwa kucheka. Mwishoni uligeuka tena. Bi harusi alimuaga mama yake, na hapo sikuwahi kuona mwanamke ambaye hakujifuta pua kwa ukingo wa kanga. Maneno yake siyaandiki hapa. Mimi niliruhusiwa kuingia kwa sababu nilishika bakuli la liwa, nami nilijiona mkubwa.

Sasa nikuambie habari za Madamu wangu, mwalimu wa utotoni.

Alikuja shuleni kwetu miaka ile bunduki zilipokuwa zimenyamaza karibuni tu. Mtaani palikuwa bado na nyumba zisizo na mapaa, majani yameota sebuleni. Darasani tulikaa kama maji na mafuta. Waliokimbia na wakarudi walikaa upande mmoja, waliobaki upande mwingine, na sisi watoto wa msikitini tulikaa nyuma karibu na mlango. Hakuna mwalimu aliyetupanga hivyo. Kila mtoto alikuja na onyo lake kutoka nyumbani.

Madamu alikuwa mwembamba, mtu wa milimani, na sketi yake ya marinda daima ilikuwa na vumbi la chaki. Siku ya kwanza alitutazama tulivyokaa, akasema tuje Jumamosi bila madaftari. Jumamosi hiyo alimwita zamu wa shule, mlinzi wetu wa geti, ambaye ujanani alikuwa mpiga ngoma kweli kweli. Zamu akavua koti lake, akatufundisha kusimama. Kupiga kulikuja baadaye. Jumamosi nyingine akaja mama mmoja wa kwaya ya kanisa, akatugawa sauti tatu, na mimi Mwarabu nikapewa ya chini. Kijana wa darasani kwetu, ambaye baba yake alikuwa fundi cherehani kutoka Uvira, alitufundisha kuzungusha kiuno, na Madamu akajifunika uso kwa mikono, anachungulia kati ya vidole, anacheka. Kila mara alitukumbusha neno lake lile lile: "Mutoto akishacheza ngoma ya mwenzake, hawezi kumuogopa tena."

Na ilikuwa kweli, hilo silikatai. Msichana niliyekuwa napangwa naye kucheza, binti wa mmoja wa wale mafundi wa kuchomelea milango, alikuwa hajawahi kukanyaga ua wetu ingawa tulitazamana kila siku. Mama yake alimkataza hata kunywa maji ya kwetu. Baada ya Jumamosi chache alikuwa anakaa jikoni na bibi, anakula sambusa za moto mpaka anapuliza vidole. Mama yake akaja kumtafuta, akapewa kikombe cha chai ya tangawizi, akakaa. Hayo yalifanywa na Madamu. Ndiyo maana nikimkasirikia nakosa pa kuanzia.

Siku moja aliniuliza mbele ya wote, "Na kwenu je?" Nikasema kaswida. Akasema kaswida amezisikia, vijana wa madrasa wanaziimba barabarani na madufu yao, ni nzuri. "Lakini wamama wenu? Wamama hawaimbi?" Nikasema bibi anaimba.

Kesho yake alikuja dukani. Baba alidhani anataka kitambaa, akaanza kufunua. Madamu akasema amekuja kumwona bibi. Walikaa uani, mimi nikachagua mchele ule ule mara ya pili ili nipate kusikiliza.

"Bibi," Madamu akasema, "hawa batoto hawajuane. Wanakaa mu kalasi moja kama wageni. Mi nataka kila moja alete kitu ya kwao. Huyu wako ameleta nini? Hakuna. Wenzake wanaona kusema nyinyi munauzaga tu vitenge."

Bibi alicheka kidogo. "Tunauza vitenge, mwanangu. Si uongo."

"Unifundishie wasichana wimbo wenu. Ile ya harusi."

Bibi akaacha kucheka. Alimweleza kwamba wimbo ule si wa uwanjani. Mwanamume hausikii, hata mumewe hajawahi kuusikia maisha yake yote, Mungu amrehemu. Ni wa ndani.

"Basi ndani," Madamu akasema. "Tutafunga mlango. Wasichana peke yao. Hata zamu nitamuambia aende mbali."

"Na mbele za watu?"

Madamu aliweka mkono kifuani. "Bibi, mi naapa. Ni ya kalasi tu."

Wakati wa chakula baba alilalamika. "Mama, mambo ya ndani yanaenda shule sasa?" Bibi alimwambia watoto wa kike ni watoto wa kike, na kwamba katika mtaa huu watu wamechinjana wakiwa hawajui hata jirani anakula nini. "Waache waje waone hatuna pembe," akasema, akamwongezea wali. Baba aliendelea kula. Kumpinga mama yake kulimshinda siku zote.

Kama kuna kitu cha utoto wangu ningependa nirudishiwe, ni zile Jumamosi mchana. Tulifunika madirisha ya darasa kwa vitambaa vya dukani kwetu, mwanga ukaingia mwekundu na wa kijani. Bibi alikuja amevaa kanga mpya, amejifukiza mwenyewe safari hii, na jirani na sinia lake nyuma yake. Alitufundisha kukaa kwanza, kama zamu alivyotufundisha kusimama. Alituonyesha bega linavyokwenda bila shingo kufuata. Aliwagusa videvu wasichana ambao mwaka uliopita wasingemwamkia njiani, akawaambia, "Inua, mama. Unaolewa, hufungwi." Walicheka mpaka wakalia. Sikuwahi kumwona bibi vile. Alikuwa kama mtu aliyegundua kwamba nyumba yake ina chumba kingine.

Binti wa fundi ndiye alikuwa bora kuliko sote, kuliko hata mimi niliyeshika bakuli. Bibi akamfanya bi harusi wetu. Alitufundisha mwanzo wa wimbo na ile katikati ya kicheko, akipunguza maneno mazito. Ya mwisho, ya kuagana, aliibakiza. Wasichana wakamwomba. Akasema, "Hiyo anafundishwa anayeolewa kweli. Mkikua mje."

Ikafika sikukuu ya kufunga mwaka wa shule. Wazazi walialikwa, na wafanyabiashara waliochangia nguo za wachezaji waliwekewa viti vya mbele. Baba alikuwemo, na wenzake wa msikitini, na kaka mkubwa wa mama yangu aliyekuja na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Bibi naye aliwekewa kiti mstari wa mbele upande wa wanawake, na shoga yake pembeni. Katikati aliketi mgeni wa heshima, mkubwa mmoja wa mkoa, na soda yake juu ya kimeza chenye kitambaa.

Yote yalikwenda vizuri. Wavulana walipiga ngoma mpaka vumbi likapanda, na zamu nyuma ya umati anatikisa kichwa kwa kila pigo. Kwaya ikaimba, nami nikaimba sauti yangu ya chini. Kijana wa Uvira na wenzake wakacheza, na mama za watu wakapiga vigelegele. Kwa mujibu wa mpango, maonyesho yalikuwa yamekwisha. Ndipo yule mkubwa akaegemea nyuma, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, "Muzuri sana. Lakini mutaa huu una Waislamu wengi. Wao hawana kitu? Ao wanajuaga biashara tu?"

Watu wakacheka. Nilimwona Madamu. Alisimama karibu na ngazi za jukwaa, na uso wake uliwaka. Nimefikiria uso ule maisha yangu yote. Haukuwa uso wa mtu anayetaka kudhuru. Alikuwa ametukanwa yeye, na watoto wake, na kazi yake ya mwaka mzima.

"Wako na kitu," akasema. "Tena muzuri kupita yote."

Akaja nyuma ya pazia, akatushika mabega. "Wasichana, twende. Ile ya bibi."

Nilimwambia, "Madamu, apana, kuna wanaume."

"Ni dakika kidogo tu. Unasikia wanavyosema juu yenu? Twende."

Alikuwa amekwisha kulichukua sinia la jirani, lililokuwa limebaki stoo tangu mazoezi, na akaligonga mwenyewe. Aligonga vibaya, lakini mwili uliofundishwa hauulizi. Wasichana wakatoka, wakakaa kama tulivyofundishwa, na binti wa fundi katikati, kidevu juu. Wakaanza. Mimi nilitoka pia, kwa sababu nilisukumwa na kwa sababu sikujua pengine pa kwenda, nikakaa kinywa kimefumba, nikamtazama bibi.

Mwanzoni alidhani hakusikia sawa. Aligeuza sikio. Halafu akavuta mtandio taratibu, akafunika uso mpaka machoni. Shoga yake alikuwa anamtazama yeye, si jukwaa. Wimbo ukafika katikati, kwenye kicheko. Hata maneno yalipopunguzwa yalitosha. Kaka wa mama yangu aliinamisha kichwa. Lakini wanaume wengine walicheka, kile kicheko cha mtu aliyechungulia bafuni, na mmoja wao, muuza sukari wa jirani na duka letu, akajipiga mapaja na kumgeukia baba. Baba aliangalia viatu vyake.

Tulipofika pale bibi alipotuachia, wimbo ukakatika tu, hauna mwisho. Watu wakapiga makofi hata hivyo, wakasimama. Yule mkubwa naye alisimama. Madamu akashuka mbio, amejaa furaha, akamshika bibi mkono, akamvuta mbele ya umati. "Muone mwenyewe! Huyu njo mwalimu!" Bibi alisimama pale, mtandio ukateleza, na wote wakaona machozi. Makofi yakaongezeka.

Nyumbani hakuna aliyempigia mwenzake kelele. Ingekuwa afadhali. Baba alifunga duka mapema, akala kidogo, akamwambia mama kwamba muhula ujao nitasoma shule nyingine, Buyenzi. Kisha akaenda msikitini. Kwa wiki nyingi muuza sukari alipopita mbele ya duka alikuwa anapiga mluzi wa ule wimbo, kipande kile cha kicheko, na baba akiendelea kupima kitambaa kama hasikii. Alichana vibaya vitambaa kadhaa siku hizo.

Lakini la baba lilipoa. Lililomuumiza bibi lilitoka kwa wanawake. Shoga yake alikuja asubuhi moja, hakuvua viatu, akabaki amesimama mlangoni pa ua. Mimi nilikuwa naanika nguo.

"Umetuvua nguo, dada," akasema.

"Sikujua. Wallahi sikujua."

"Nilikuwa nimekaa na wewe, nimeona hukujua. Lakini nani aliupeleka kule? Mimi? Wenzetu wanasema vya ndani umevitoa wewe. Niwaambie nini?"

Aliyesimama mlangoni alilia, na aliyekaa kwenye kigoda akalia, na hawakusogeleana. Harusi iliyofuata mtaani hawakumwita bibi. Walimwita mwanamke kutoka upande wa Buyenzi aliyekuja na redio kubwa na kanda. Iliyofuata pia. Watu wakazoea.

Na sasa lile ambalo limenikaa kooni kuliko yote. Siku chache baada ya sikukuu Madamu alikuja nyumbani kwetu. Alileta mkungu mdogo wa ndizi kutoka kwao na kanga iliyofungwa kwenye gazeti, aliyoinunua dukani kwa mtu mwingine ili baba asijue. Maneno yalikuwa yanamtoka mbio kwa furaha. Yule mkubwa amesifu shule. Mkurugenzi amesema mwaka ujao watapewa ngoma mpya. "Juu yako, bibi! Juu yako!"

Bibi alimkaribisha. Alinituma nilete mandazi. Alimmiminia chai ya tangawizi, akamwongezea sukari alipoona anaipenda, akamuuliza habari za mama yake mlimani. Nilisimama na sahani mkononi nikingoja aseme. Hakusema. Madamu alikunywa, akala, akashukuru, akaniambia nikasome kwa bidii huko Buyenzi, akaondoka akiwa mwepesi kama alivyokuja.

"Bibi, mbona hukumwambia?"

"Alikuwa mgeni wangu," akasema. Aliokota kikombe, akakiosha yeye mwenyewe, akakirudisha kabatini. Hakumtaja tena.

Wala hakuimba tena. Nilidhani ni hasira ya mwezi, halafu ya mwaka. Ile ngoma ndogo ilipasuka ngozi ikiwa ukutani, hakuna aliyeipiga. Nilipokua nikaposwa, nilijiambia kwangu atashindwa kukataa, mimi ni mjukuu wake aliyeshika bakuli. Siku ya kusingwa kwangu milango ilifungwa, wanawake wakaja, wachache kuliko zamani. Bibi alikuwa amezeeka, mikono imekauka, lakini alisema hakuna mwingine atakayenipaka. Aliniketisha mkekani. Dada mmoja akaweka simu dirishani, ikaimba nyimbo za mahali pengine ambapo sisi hatupajui.

Nilimnong'oneza, "Bibi, naolewa kweli sasa. Nifundishe ya mwisho."

Vidole vyake vilisimama begani pangu. Nilihisi anavuta pumzi, ile pumzi ya chini ninayoijua, na shoga yake, aliyekuwa amekuja akakaa kando na fimbo yake, aliinua kichwa. Chumba kizima kilingoja. Hata yule dada alizima simu. Kisha bibi akaitoa ile pumzi bila sauti. "Imenitoka, mama," akasema. "Imekwisha." Akaendelea kunipaka, polepole, mpaka kwenye nyayo. Baadhi walisema alisahau kweli kwa uzee. Mimi nilikuwa chini ya mikono yake. Hakuwa amesahau.

Tulimzika mwaka uliofuata. Shoga yake hakukaa sana baada yake.

Basi nilipopewa kitabu hiki niliulizia Madamu yuko wapi. Nikaambiwa amestaafu, anaishi Kinanira kwa mwanawe. Nilipanda kule Jumapili iliyopita. Nilimkuta barazani, nywele nyeupe, mguu mmoja umevimba umewekwa kwenye stuli, na ziwa limetandaa chini kama shuka. Alinitambua kabla sijajitaja.

"We! Mutoto wa duka!" Akanishika mashavu. "Na we ni Madamu sasa? Wanafunzi wako wana bahati." Akamwita mkwewe alete fanta, na kabla sijaketi vizuri akaanza kumsimulia, "Bibi ya huyu njo alinipatia siku yangu ya muzuri kuliko zote. Miaka yote niliyofundisha, nikiulizwa, nasimuliaga ile. Kiongozi alisimama! Na bibi yake alilia juu ya furaha, mbele ya watu wote."

Nilikuwa nimejiambia sitasema. Nilikwenda kuomba ushauri wa somo, na yeye ni mzee, ni mgonjwa. Lakini fanta ilipofunguliwa nilikuwa nimekwisha kuanza. Nilimweleza yote, bila kupandisha sauti: muuza sukari, mlango wa ua, redio ya yule mwanamke, vidole begani pangu. Mkwewe aliingia ndani. Madamu alinisikiliza akiwa ameshika kona ya kitenge chake.

"Nilikunywa chai yake," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Madamu."

"Mbona hakuniambia? Angeniambia."

"Ulikuwa umeapa, Madamu."

Aligeuza uso akatazama ziwa. Kidevu chake kilikuwa kinacheza, nikadhani sasa litatoka, lile neno ambalo bibi hakulipata na ambalo ningempelekea hata kaburini. Akanigeukia.

"Lakini mulicheza muzuri," akasema.

Nilimalizia fanta yangu, nikamuaga kwa heshima, nikashuka mlima kwa miguu.

Duka letu sasa ni gereji. Baba aliuza, akahamia Kajaga kwa kaka yangu, anakaa anatazama wavuvi. Wanawake waliokuwa wakianguka mikekani kwa kicheko wako makaburini, na mabinti zao wanaolewa kwa spika. Binti wa fundi nasikia yuko Ubelgiji. Wimbo wenyewe umebaki kwangu nusu, ile nusu ya jukwaani. Siwezi kuuimba mbele ya wavulana darasani, na siwezi kuuimba penye wanawake kwa sababu hauna mwisho, utamwacha bi harusi katikati ya kicheko hajamuaga mama yake.

Juzi nilifundisha somo lile kwa mara ya kwanza. Niliwaonyesha picha ya wapiga ngoma. Tuliimba wimbo wa kanisa, tukaimba kaswida. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mdadisi, akanyoosha mkono.

"Madamu, na wamama wa kwenu wanaimbaga nini?"

"Hawaimbi," nikamwambia. "Fungua ukurasa unaofuata."